Tupeane uzoefu: uliyemuundia ndugu kompyuta ya mezani kwa bajeti ndogo, Mtwara na Lindi

Mshika Bisibisi, Shangani

Wakuu, habari za muda huu. Minada ya korosho ikishaanza kulipa, kila mwenye mtoto wa sekondari anakumbuka kompyuta, na simu zote zinakuja kwetu sisi tuliopewa jina kwenye ukoo la "huyu anajua mambo hayo". Hebu tuambizane: ulimuundia nani, kwa shilingi ngapi, na mashine imehimili vipi joto, chumvi na umeme wa huku kusini. Bei za Kariakoo peke yake hazitusaidii, mzigo una kilomita 560 na ushee kabla haujatufikia.

Naanza mimi. Dada yangu alinipa laki nne nimtengenezee mwanawe anayeingia Kidato cha Tano. Nikapiga hesabu ya vipuri vipya kimoja kimoja: kasha na pawa saplai (kile kinachogawa umeme ndani ya mashine) vinameza hela hata prosesa, yaani ubongo wa mashine, hujaigusa. Nikaachana na habari hiyo. Nikaagiza Dell OptiPlex ya mtumba, zile zilizotumika maofisini Ulaya, prosesa Core i5 ya kizazi cha nne pamoja na monita ya inchi 19, laki mbili na themanini. Diski ya zamani ya kuhifadhia mafaili nikaing'oa, nikaweka SSD, diski ya kisasa yenye kasi, ya 240GB. RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, ilikuwa kijiti kimoja cha 4GB, nikaongeza cha pili kinachofanana nacho, maana viwili vikisoma kwa pamoja kasi ni tofauti na kijiti kimoja kikubwa. Kilichobaki kikaenda kwenye UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshika umeme ukikatika.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha nne hakimo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Dada kaitazama, akaniuliza, "We kaka, Word umeificha wapi?" Nikamwonyesha LibreOffice. Hajaniamini mpaka leo, ila mpwa wangu anachapa kazi zake na anashusha mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma bila tatizo.

Karani wa Masasi

Mkuu umejitahidi, ila mimi siku hizi sishuki chini ya kizazi cha nane. Mjomba wangu ni katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu mzima anaingiza kilo za wakulima kwenye Excel, na faili analopokea lazima limrudie aliyelituma likiwa limekaa vilevile. LibreOffice ingemgombanisha na watu.

Dukani wakamwambia, "Mzee chukua hii Core i7, i5 ni ndogo." Nikamwambia mjomba tusome namba kwanza. Ilikuwa i7-2600. Hiyo 2 ya mwanzo ndiyo kizazi, mashine ya 2011 hiyo. Pembeni yake palikuwa na i5-8500, ya 2018, ina kori sita na Windows 11 inaingia bila ujanja wowote. Muuzaji alinuna, lakini tulibeba i5. Zikifika kizazi cha kumi zinasomwa tarakimu mbili za mwanzo, mfano i5-10400, msije mkadhani ni kizazi cha kwanza. Tulilipa laki tano na nusu bila monita.

Na jambo la printa. Mjomba aliichomeka printa yake ya leza kwenye UPS, akawa kila akichapa UPS inapiga kelele na kila kitu kinazima. Akanipigia, "Kompyuta yako mbovu." Printa ya leza inapopasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS ndogo ya 650VA haiwezi. Ichomekeni ukutani.

Fundi wa Chikongola

Nasoma tu hapa nacheka. Hao ndugu mnaowaundia mwisho wa siku wanakuja kwangu.

Wengi mnaonunua hizi za maofisini hamjui kwamba pawa saplai zake si za kawaida. Dell za kizazi cha nne plagi inayoingia kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine) ina pini 8, HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6, wakati pawa saplai ya kawaida dukani ina pini 24. Ikiungua usikimbilie kununua yoyote. Ama utafute ileile ya mtumba, ama upate waya wa kubadilishia. Nimeshapokea mashine ya mtu ambaye "fundi wa mtaani" alikata waya na kuunga kwa gundi ya karatasi. Mazabodi ilikuwa imekufa kitambo.

Halafu mjusi. Jamani. Funikeni yale matundu ya nyuma ambayo kadi imetolewa, vile vibati mnavitupa vya nini? Juzi nimefungua CPU, yaani kasha zima, ya mama mmoja wa Ligula, mjusi kakauka juu ya pawa saplai, mkia umegusa huku na huku, mayai mawili meupe pembeni ya feni. Palikuwa na alama nyeusi pale alipopigiwa shoti.

Kwa mnaokaa karibu na bahari: mashine ikigoma kuwaka na inapiga mlio, kabla ya kumlaani muuzaji chomoa RAM, sugua zile sehemu za rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, futa, rudisha. Nusu ya za Shangani na Mikindani zinaletwa kwangu kwa sababu hiyo tu. Natoza elfu kumi, haha.

Mshika Bisibisi, Shangani

Fundi unatumaliza. Elfu kumi ya kifutio!

Binti wa Mikindani

Mimi nilimuundia baba, mwalimu mstaafu. Anaandika nasaba ya ukoo wetu, nani kazaa nani, nani alihamia kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Macho hayaoni vizuri, kwa hiyo monita sikununua kabisa, nimeiunganisha na TV yake ya inchi 32. Mashine yake ilikuwa na tundu la VGA na DisplayPort, HDMI hakuna, nikanunua waya wa DisplayPort kwenda HDMI ukakubali moja kwa moja. Herufi nimezikuza mpaka jirani anasoma akiwa barazani.

Siku moja ananipigia. "Mwanangu, intaneti imekataa. Inasema kila tovuti si salama, hata gazeti." Nikamuuliza, baba shikamoo, hapo chini kulia saa inasemaje? Akasema mwaka 2014. Ni kile kibetri cha duara kwenye mazabodi, CR2032, kimekwisha. Umeme ukikatika mashine inasahau tarehe, na tarehe ikiwa ya zamani vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa. Kibetri bei ya soda mbili. Ukinunua mtumba kibadilishe siku hiyohiyo, usisubiri mzee apige simu usiku.

Mtu wa Liwale

Sisi wa sola mmetusahau. Nilimchukulia mke wangu Lenovo ThinkCentre Tiny kwa ajili ya kibanda chake cha kuchapa barua na kutoa kopi. Ni ndogo unaiweka nyuma ya monita, prosesa yake ni zile zenye herufi T mwishoni, 35W. Inatumia adapta kama ya laptop na RAM yake ni ya laptop pia, usinunue vijiti virefu. Invata yetu ndogo inaibeba pamoja na monita mpaka jioni. Kopi ndiyo inayotuua, hiyo tunasubiri jua kali.

Lindi Mjini

Mdogo wangu alitaka ya gemu. Kasha jembamba, pawa saplai ndogo, kwa hiyo tuliweka kadi ya picha ya GT 1030, fupi, ambayo haihitaji waya wake wa umeme. Ziko za aina mbili: ulizeni yenye kumbukumbu ya GDDR5, ile ya DDR4 ni nzito vibaya na wauzaji wanaziuza kwa jina lilelile. Mzigo ulikwama njiani Mei 2024, barabara ilipokatika Somanga kwa mvua za kimbunga Hidaya, dogo akawa analala na simu akimsubiri konda. Gemu la mpira linacheza vizuri ukishusha ubora wa picha. Zaidi ya hapo asidanganywe mtu.

Mgeni Tandahimba

Wakuu shikamooni. Nina laki tatu, mdogo wangu anaanza chuo cha uhasibu, TIA, hapo Mtwara, atapanga chumba. Nimuundie ya mezani?

Mshika Bisibisi, Shangani

Marahaba. Kama ni chumba cha kupanga na atahama kila semista, mtafutie laptop ya mtumba. CPU, monita na UPS juu ya bodaboda ni mateso.

Fundi wa Chikongola

Na betri ya hiyo laptop ijaribu dukani bila chaja, washa video uone kama inafika nusu saa. Wasikuwekee ya kuonyeshea asilimia mia tu.