Picha za vitenge zinagandisha tovuti nzima, hata baada ya kutumia nyuzi (Python)

kijana_wa_sinza

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, siku ya tatu hii nimekwama.

Nimemtengenezea mama mmoja wa Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, tovuti ya kuuzia vitenge kwa jumla. Anapiga picha kwa simu, anapakia, programu inatafuta rangi zilizotawala ili mteja akiandika "njano na bluu" aletewe vitenge vya hivyo. Nimetumia Python, yote `async`, maana nilisikia ndiyo yenye kasi. Seva ni ya kukodi: viini viwili vya prosesa, RAM giga 2.

Mama akipakia picha moja, tovuti inaganda kama sekunde tisa. Mteja wa Mbagala anayetaka kuona bei tu anakodolea kiduara kinachozunguka. Juzi taarifa ya malipo ya simu ilifika ikakuta seva imeganda, upande wa pili wakachoka kusubiri, oda ikabaki "haijalipwa" wakati hela imeshakatwa. Mteja kanipigia mimi, si mama. Sijui nani kampa namba yangu.

Kazi yenyewe ni kitanzi cha `for` kinachopitia pikseli moja moja na kuhesabu rangi. Nilianza kwa kuweka `async def` mbele ya funksheni, wapi. Nikahamia `asyncio.to_thread`, inayoipeleka kazi kwenye uzi (njia ya pembeni ndani ya programu ileile): haigandi kabisa kama mwanzo, ila inajikongoja, na mama akipakia nne kwa mpigo tunarudi kulekule. Nyuzi nne si zilitakiwa kufanya kazi nne kwa wakati mmoja?

fundi_seva

Pole mkuu. `async` inasaidia pale programu inaposubiri: hifadhidata ijibu, mtandao ulete. Kitanzi chako hakisubiri chochote, kinahesabu tu, na hakina `await` (neno la kuachia zamu) ndani. Kikishika usukani hakiuachii mpaka kimalize.

Kuhusu nyuzi, Python ya kawaida ina kufuli moja, GIL, na uzi usiolishika hauendeshi msimbo wa Python. Hao ni mafundi wanne wenye cherehani moja, wanapokezana kila milisekunde 5 hivi. Wateja wako nao wako kwenye foleni hiyohiyo ya cherehani, ndiyo maana tovuti inajikongoja. Mpe fundi cherehani yake, yaani mchakato tofauti, programu inayojiendesha pembeni na kufuli lake:

```
bwawa = ProcessPoolExecutor(max_workers=1)

kitanzi = asyncio.get_running_loop()
rangi = await kitanzi.run_in_executor(bwawa, tafuta_rangi, njia_ya_faili)
```

Bwawa (kundi la michakato inayokaa tayari kupokea kazi) litengenezwe mara moja tu programu inapowaka, SI ndani ya kila ombi. Halafu tuma njia ya faili, usitume picha yenyewe. Kila unachompa mchakato mwingine kinafungashwa huku na kufunguliwa kule, na picha ya 4000 kwa 3000 ikishafunguliwa ni kama megabaiti 36.

Nimeweka mmoja kwa sababu una viini viwili. Kimoja kibaki kwa wateja. Picha nne zitapanga foleni, sawa tu, mama hana haraka kumzidi mtu anayelipa.

mpenda_mapya

Mnahangaika nini? Weka Python 3.14 isiyo na GIL, kwisha habari.

fundi_seva

Ipo, sikatai. Ilianza kama majaribio kwenye 3.13, Oktoba 2024, na kwenye 3.14 inatambulika rasmi. Lakini bado ni toleo la pembeni unaloliweka kwa makusudi, na ukiita maktaba moja ya C ambayo haijajiandaa, kufuli linarudi lenyewe. Mwenye hela za watu ndani asianzie huko.

dada_wa_takwimu

Jamani, mbona hakuna aliyeuliza kwa nini anahesabu pikseli milioni 12? Kaka, ipunguze picha kwanza kwa Pillow, maktaba ya picha ya Python, hadi 200 kwa 150. Hizo ni pikseli 30,000, pungufu mara 400, na kitenge chekundu kitabaki chekundu.

Ukimaliza, washa seva ya majaribio na `PYTHONASYNCIODEBUG=1`. Chochote kinachoshika usukani zaidi ya milisekunde 100 kitaandikwa kwenye logi, uache kubahatisha.

kijana_wa_sinza

Mrejesho wakuu. Nimepunguza picha, na kuifungua na kuihesabu vyote nimevihamishia kwenye bwawa. Kuhesabu sasa hata sikuoni, muda unaobaki ni wa kuifungua JPEG.

Nikiri kosa: mara ya kwanza niliweka bwawa ndani ya ombi. Kila picha ikaja na mchakato wake, RAM ikajaa, seva ikaiua programu saa nne asubuhi duka limefurika. Fundi alishaandika kwa herufi kubwa, mimi nikasoma harakaharaka.

Leo mama kapakia picha 14 akiwa kasimama kaunta, malipo mawili yakaingia katikati yake, yote yamesoma. Ila analalamika kitenge cha dhahabu kinaonekana kahawia. Dada, ni huko kupunguza?

dada_wa_takwimu

Hapana, hiyo ni taa ya dukani. Mwambie akapigie nje kibarazani.