Bati zinagonga usiku na misumari inanyanyuka: paa nilitengenezeje kabla ya mvua?

Mkazi_Nzuguni
Wakuu, habari za majukumu. Nyumba iko Nzuguni, Dodoma, paa la mita za mraba kama 150. Bati ni za migongo mipana, geji 30, zimepigwa misumari ya kawaida ya bati kwenye papi (mbao nyembamba zinazobeba bati) za inchi 2x2. Tangu baridi ianze, jua likichomoza bati zinalia ta! ta! Usiku upepo ukishika, upande wa kusini mashariki zinagonga kweli kweli. Misumari mingi imenyanyuka karibu nusu sentimita. Fundi mmoja anasema nipake lami kila msumari, mwingine anataka tuezue lote tupaue upya. Nianzie wapi?

FundiKenchi
Usiezue. Na lami iache dukani.

Hizo ni kelele mbili tofauti. Ta! ta! ya asubuhi ni bati kutanuka, kelele yenyewe haina shida, ila polepole inalegeza misumari. Mwezi wa saba bati alfajiri lina nyuzi 12 au 13, mchana linapita 50. Bati la mita 6 kwa tofauti ya nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 3, na usiku linarudi. Kila siku hivyo, linamtikisa msumari na kulipanua tundu. Halafu papi nyingi hupigwa zikiwa mbichi, zikija kukauka na hewa ya huku zinasinyaa, msumari unabaki hauna wa kumshika. Kugonga kwa usiku ndiko kubaya: bati tayari limeachia papi.

Ukiurudisha msumari kwa nyundo, baada ya miezi utaukuta umetoka tena, tundu lilishalegea. Badilisha uweke skrubu za paa zenye washa ya raba. Kwenye tundu la zamani tumia unene wa 6.3 mm, tundu jipya 5.5 mm inatosha. Urefu: pima kimo cha mgongo wa bati, ongeza milimita 35 za kuzama kwenye mbao. Kwa bati nyingi za migongo mipana hiyo ni 65 au 75 mm. Skrubu zikae juu ya mgongo, siyo bondeni maji yanakopita.

Msumari ung'oe kwa nyundo ya makucha, chini yake weka kipande cha mbao, la sivyo utaubonyeza mgongo. Skrubu ikaze mpaka raba itokeze kidogo tu pembeni mwa washa. Ikibinuka kama uyoga umekaza mno, jua litaipasua mapema. Ikizunguka bila kushika, mbao ya hapo imeoza au imepasuka: sogea sentimita 3 kwenye papi hiyo hiyo, tundu la zamani lizibwe kwa ribiti (pini ya kubana bati) na silikoni.

Silikoni nayo angalia. Ile inayonuka siki inakula zinki. Dai aina isiyo na asidi, kwenye tyubu huandikwa inafaa kwa metali.

Idadi: mita 1 ya kwanza kutoka kila ukingo wa paa, pamoja na pande zote mbili za kofia (bati la kileleni), weka skrubu kila mgongo. Katikati, mgongo mmoja ruka mmoja, kwenye kila papi. Paa lako litakula kama 650. Nunua 750, zingine zitaanguka na zingine zitapinda.

Fanya saa 12 hadi saa 4 asubuhi, kabla upepo haujachangamka na bati halijawa kikaango. Kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, kwa sababu geji 30 ukiikanyaga katikati ya papi inakunjika.

Mhandisi_Makulu
Naongezea kwenye alichosema FundiKenchi, maana skrubu peke yake zinaweza kuhamisha tatizo tu. Bati la geji 30 lina uzito wa karibu kilo 3 kwa mita ya mraba. Upepo wa kilomita 72 kwa saa una mgandamizo wa kama kilo 25 kwa mita ya mraba, na kwenye kona za paa mfyonzo unaweza kufika mara mbili ya hapo. Kwa hiyo paa halikai kwa uzito wake, linakaa kwa kufungwa. Ukikaza bati kwenye papi, halafu papi imeshikwa na msumari mmoja wa inchi 3, siku ya upepo mkali bati litaondoka na papi zake.

Ingia darini na tochi, fuata mnyororo kutoka juu kwenda chini:

Papi kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa): pale ukingoni ongeza ukanda wa chuma au waya wa kufungia nondo uliosokotwa mara mbili, kila makutano. Kenchi kwenye walpleti (mbao inayolala juu ya ukuta): ukanda wa chuma, misumari angalau 4 kila upande. Walpleti kwenye ukuta: hapa ndipo nyumba nyingi huwa hazina kitu, mbao imelazwa tu juu ya tofali. Kama waya haukuachwa kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya kuta) wakati wa kumwaga zege, toboa lenta kwa drili, weka bolti za kutanuka za 12 mm, kila mita 1 hadi 1.2. Usizifunge kwenye tofali za kuchoma au bloku, zitachomoka.

Anza na veranda. Upepo unaingia chini yake na kusukuma juu huku juu nako unavuta, ndiyo maana baraza huwa la kwanza kuruka. Nafasi ya papi pale ukingoni ikizidi sentimita 60, ongeza papi moja katikati.

Mkazi_Nzuguni
Nashukuru sana wakuu. Mawili nimesahau. Dari la koridoni lina doa la maji na linaongezeka, tuko mwezi wa saba. Halafu chumba cha nje kina paa la kuficha (bati limejificha nyuma ya kuta zilizopandishwa), mvua iliyopita kilivuja kwenye ukuta.

Bomba_Ihumwa
Mvua za Dodoma zinaisha Aprili, kwa hiyo doa linalokua mwezi wa saba siyo la mvua. Una simtanki juu? Funga koki ya kuingiza, angalia boya kama linakata maji, kisha papasa maungio ya bomba kwa karatasi kavu. Bomba la plastiki lililo juani kwenye bati huchoka pale pale kwenye kona.

Paa_Kuficha_Dom
Paa la kuficha ndilo linaloumiza watu wengi hapa mjini. Zuri kwa kutazama, ila maji yote unayapeleka ndani ya kuta.

Panda ukaangalie gata la ndani, yaani mfereji wa maji nyuma ya ukuta. Kiangazi kizima upepo unajaza vumbi jekundu na majani ya mwarobaini, mvua ya kwanza inageuza tope, tundu linaziba, maji yanapanda mpaka yanavuka ukingo wa bati na kushuka ukutani. Zoa likiwa kavu, mwishoni mwa Oktoba, na rudia baada ya mvua ya kwanza. Kisha mwaga ndoo mbili upande wa juu utazame: maji yasitulie popote. Mteremko uwe angalau sentimita 1 kwa kila mita. Bomba la kutolea maji liwe la inchi 4, mawili kama gata ni refu. Toboa pia tundu la dharura kwenye ukuta wa kuficha, chini kidogo ya usawa wa ukingo wa bati. Maji yakimwagika nje hapo unajua kumeziba, na ndani hakulowi.

Cha pili ni flashi, bati linalopanda ukutani. Lipande sentimita 15, na kichwa chake kiingie kwenye mfereji wa sentimita 2.5 uliokatwa kwenye plasta. Mafundi wengi wanaligandisha juu ya plasta kwa silikoni, msimu mmoja linaachia. Usizibe mfereji kwa saruji mbichi kama bati ni aluzinki (limepakwa alumini na zinki), saruji inalila. Tumia ziba ya poliyurethani. Juu ya ukuta wenyewe weka kofia ya bati au zege yenye mwinamo wa kurudi ndani, maana maji mengine yanashuka kupitia tofali na watu wanalaumu bati.

FundiKenchi
Na flashi hiyo ikatwe kwa mkasi wa bati. Cheche za grainda zinaunguza rangi na kuacha chembe za chuma, mvua mbili tu paa lina madoa ya kutu. Vumbi la drili nalo lifagie siku hiyo hiyo kabla hujashuka.