Nani aliwaambia wachezee komenti? Turudishieni zetu za zamani!

Assalaam aleikum waungwana. Leo sina utani, yamenifika shingoni.

Mimi ni mhariri, nipo hapa Amu (Lamu). Nasoma miswada ya watu: tenzi, tasnifu za vyuo, vitabu vya dini, mara moja moja ripoti za mashirika. Riziki yangu iko pambizoni. Mwandishi hanilipi kwa kumsifu, ananilipa kwa yale ninayomwandikia ubavuni mwa ukurasa wake. Sasa wenyewe wenye programu ya kuandikia (jina silitaji, ni ile iliyokuja na laptopu yako bila ya wewe kuulizwa) wameingia humo humo pambizoni wakapindua kila kitu. Eti komenti za kisasa.

Tuanze na hili la kutuma. Zamani ulikuwa unabonyeza, unaandika, unaendelea na safari yako. Komenti imekaa. Siku hizi ukimaliza kuandika, haijahesabika kuwa komenti mpaka ubofye kishale cha kutuma, au ushike Ctrl na Enter pamoja. Enter peke yake inakushusha mstari tu. Natuma wapi? Kwa nani? Faili liko kwenye mashine yangu, mwenyewe yuko Matondoni, na likitoka hapa litakwenda kwa flashi au kwa WhatsApp. Wametengeneza gumzo la ofisini wakalibandika kwenye kazi ya mtu anayesoma peke yake, usiku, stima ikiwaka na kuzima.

Chukua utendi niliokuwa nao wiki hii. Kila kipande mizani nane, hilo hata mwanafunzi wa madarasa analijua. Mshairi kaandika "na nakuombea uzima". Hesabu mwenyewe: na-na-ku-o-mbe-a-u-zi-ma. Tisa. Komenti yangu hapo ni fupi, "imezidi moja, toa na ya mwanzo", kisha natuma. Ubeti wa pili kina kimepotea, neno moja, natuma. Ubeti wa tatu, natuma. Utendi wenye mamia ya beti! Na Ctrl ya kushoto kwenye laptopu yangu imeliwa na chumvi ya bahari, kwa hiyo kila mara mkono wa kushoto unasafiri mpaka upande wa pili wa kibodi. Nyinyi mnaokaa Nairobi hamlijui hili.

Halafu herufi. Wateja wangu wengi ni watu wazima, macho yamechoka. Zamani nilikuwa naingia kwenye mtindo wa maandishi ya komenti, naongeza ukubwa, kwisha, mzee anasoma bila miwani kumteleza puani. Sasa ubadilishe mtindo usibadilishe, komenti haina habari nawe. Herufi ni zile zile walizotuchagulia wao. Ukitaka kubwa, kuza ukurasa mzima, na ukiukuza ukurasa mzima nafasi ya pembeni inabana, na ikibana komenti zinajikunja kuwa vijialama vidogo.

Hapo ndipo nilipopigiwa simu na maalim mmoja, mtu wa heshima zake.

"Mwanangu, kitabu changu umekirudisha kitupu. Kwani hukukisoma?"

"Nimekisoma chote, maalim. Angalia pembeni mkono wa kulia."

"Pembeni naona madoa madoa. Nimekipangusa kioo, hayatoki."

Wallahi nilicheka, kisha nikaona uchungu. Kazi ya mwezi, mwenye mali anadhani ni uchafu wa kioo! Ikabidi nimwelekeze kwa simu, bofya hapa, sasa bofya pale, mpaka adhana ya Alasiri ikatukatiza.

Hamjasikia la mwisho. Komenti ya mwenzako huwezi tena kuirekebisha. Mchapishaji akiandika swali lenye makosa ya tahajia, nami ndiye ninayempelekea mwandishi, zamani nililisafisha kimya kimya, heshima ya kila mtu ikabaki. Siku hizi ama nimjibu chini yake, ama niifute yote niiandike upya kwa jina langu. Na komenti ikishawekwa kuwa imemalizika, inatoweka pambizoni. Uitafute kwenye kidirisha cha pembeni. Mwandishi anayetaka kuona tulibishana nini ukurasa wa nne, na afukue.

Najua atatokea mtu aseme kipya kinyemi. Kipya kinyemi, kingawa kidonda, malizia methali yote. Sikatai, yale majibu yanayofuatana chini ya komenti moja yamepangika vizuri, na watu kumi walio kwenye faili moja mtandaoni huenda wakafurahi kuitana kwa alama ya @. Basi wapeni wao. Mwanzoni kulikuwa na kisanduku kwenye mipangilio, unaondoa tiki unarudi kwenye komenti za zamani. Watu wakakitumia, na badala ya kujiuliza kwa nini watu wanakimbia, wakakiondoa kisanduku. Hilo ndilo linalonichoma zaidi kuliko yote.

Ninavyojisaidia kwa sasa: wazee nawapa PDF, au nawachapishia karatasi kabisa, maana kwenye karatasi komenti bado zinatoka pembeni zote, hazijifichi. Kazi zangu mwenyewe nimezihamishia LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, ambayo ni bure. Unabonyeza Ctrl+Alt+C, unaandika pembeni, hakuna cha kutuma. Kasoro yake, ukilirudisha faili la docx kwa mwenyewe, wakati mwingine majedwali na fonti vinahama kidogo, na kwa tasnifu hiyo ni balaa. Tasnifu basi nazipeleka saiba moja huko Langoni yenye toleo la 2016 la ile programu nisiyoitaja, ambalo hili janga halikulifika. Ndiyo, mimi mwenye laptopu nalipia saiba kwa saa nikaandike komenti.

Msinijibu "utazoea". Mwenye laptopu kuukuu yenye toleo la 2016 au 2019, iwe Amu, Mokowe au hata Malindi, aniambie bei. Betri ikiwa imekufa si neno, Ctrl zote mbili tu ziwe nzima.