Tupeane uzoefu: mtoto asiyetulia, chanzo chake na matibabu tuliyoyapitia

Mama wa Gungu, Kigoma

Ndugu zangu, nawasalimu. Mwanangu ana miaka 9. Tangu aanze darasa la kwanza nimeitwa shuleni mara nyingi mno: amemkatiza mwalimu, ametoka nje bila ruhusa, ameacha hesabu katikati na kuchora mitumbwi pembezoni mwa daftari. Nikimtuma chumvi dukani hurudi mikono mitupu na uso wa furaha, kwa kuwa njiani amekuta watu wanaanua dagaa naye akabaki kuwasaidia. Nilimchapa sana. Nalisema hili kwa majuto, maana nilimwadhibu mtoto kwa jambo ambalo hakulichagua. Jirani alisema nimemdekeza; upande wa baba yake wakasema amerogwa, tukapoteza mwaka mzima kwa waganga.

Daktari aliyemwona baadaye hakuwa na haraka ya kulitaja jina la tatizo. Aliuliza iwapo dalili zilianza kabla ya miaka 12, iwapo zimedumu miezi 6 au zaidi, na iwapo zinaonekana nyumbani na shuleni pia, kwa sababu mtoto anayesumbua mahali pamoja tu, huenda tatizo liko mahali hapo. Ndipo akatueleza juu ya upungufu wa umakini na utukutu uliopita kiasi, ambao wao huuita kwa kifupi ADHD. Alisema hurithiwa kwa kiasi kikubwa, kwani tafiti za mapacha zinaukadiria mchango wa urithi kuwa asilimia 70 hadi 80. Kuzaliwa njiti, uzito mdogo wakati wa kuzaliwa, pombe na sigara katika ujauzito, na sumu ya madini ya risasi huongeza uwezekano. Sukari siyo chanzo, wala kudekezwa. Mume wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe utotoni alikuwa hivyo hivyo, akaacha shule darasa la tano.

Naomba aliyepitia haya atueleze alikotokea na kilichomsaidia.

Baba Mapacha, Kibirizi

Pole, mama. Kwangu jina hilo halikuwa sahihi, na ndiyo sababu naandika. Kulwa alikuwa akiitwa haitiki, akielekezwa anafanya jingine, na mwalimu akaandika kwamba hana usikivu. Kumbe ni kweli hakuwa akisikia: masikio yalikuwa yakitoa usaha kila baada ya mafua, nasi tukilichukulia kuwa jambo la kawaida kwa mtoto anayeshinda ziwani. Yalipotibiwa na akahamishiwa dawati la mbele, mambo yakabadilika. Pimeni masikio na macho kwanza.

Mwalimu, Isevya, Tabora

Nakubaliana na ndugu wa Kibirizi, na ningeongeza upungufu wa damu na usingizi mbovu. Nimewahi pia kuwa na mwanafunzi aliyekuwa akikodoa macho sekunde chache, mara kadhaa kwa siku, kisha akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Hospitali ikabaini kwamba ni aina ya kifafa, ambayo ina dawa yake.

Lakini anayenikaa moyoni ni binti mmoja ambaye hakuwahi kumsumbua mtu. Siku moja nilisimama nyuma yake nikamtazama. Aliandika tarehe kwa hati nzuri kupita darasa zima, akaipigia mstari kwa rula, akaandika namba ya swali la kwanza, kisha kalamu ikabaki hewani huku yeye akifuatilia kunguru juu ya mwembe, hadi kengele ikalia. Kwa miaka mitatu tulimwita mzito, kwa sababu tulidhani mwenye tatizo hili lazima awe mkorofi, ilhali wapo wengi, hasa wasichana, ambao akili ndiyo inayotangatanga na mwili umetulia. Nilianza kumpa maswali matatu badala ya kumi, akimaliza ananiletea, nampongeza papo hapo, anasimama kufuta ubao, kisha nampa matatu mengine. Darasa lina watoto wengi na siwezi kudai kwamba ni rahisi, ila kwa muhula mmoja alifika mwisho wa zoezi mara nyingi kuliko mwaka mzima uliotangulia.

Mama Shukuru, Urambo

Wangu alipata degedege kali la malaria akiwa na miaka 3, akapoteza fahamu siku mbili. Alipona, lakini hakuwa yule yule. Umakini wake ulikatika vipande. Huko Uganda watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, na baada ya miaka 2 takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, hasa katika umakini. Kwa mikoa yetu, ambayo malaria haijatuachia, kila mzazi angepaswa kuelezwa hivyo siku ya kuruhusiwa kutoka wodini. Mimi sikuelezwa. Mama wa Gungu, naomba kuuliza: mwanao anatumia dawa?

Mama wa Gungu, Kigoma

Ndiyo, dada, anatumia methilfenideti kwa cheti cha daktari, lakini haikuwa hatua ya kwanza. Tulianza kwa kufundishwa sisi wazazi: agizo moja kwa wakati mmoja, nikiwa nimemshika bega na ananitazama, sifa itolewe mara moja, ratiba isibadilike. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, daktari alisema, mafunzo hayo ndiyo hutangulia. Dawa haiponyi tatizo. Humsaidia kutulia kwa saa kadhaa ili ajifunze. Hupunguza hamu ya kula na huweza kuchelewesha usingizi, hivyo nampa ugali na migebuka kabla ya kidonge cha asubuhi, na kila tukirudi kliniki hupimwa uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Tafadhali, asitokee mtu wa kumpa mwanawe vidonge vya mtoto wa jirani.

Mkienda hospitali, chukueni madaftari ya mihula miwili na barua ya mwalimu. Daktari wetu aliyafungua ukurasa baada ya ukurasa, akazihesabu hesabu zilizoachwa katikati, kisha akamwomba mwanangu amsimulie habari za ile mitumbwi.