Zamu moja masaa mawili, halafu watengenezaji wanashangaa gemu zao za vita haziuzwi!

Assalaam aleikum wanajukwaa. Hili nimelinyamazia mwezi mzima, leo nalisema.

Sisi wanne, wawili wa huku Lamu na wawili wa Malindi, tulinunua gemu mpya ya kompyuta ya Vita Vikuu vya Pili, upande wa Urusi. Kila mtu alitoa zaidi ya shilingi elfu nne mfukoni mwake. Jina silitaji. Tukakubaliana kucheza kwa kutumiana faili: ukimaliza zamu yako unampelekea mwenzio, naye akimaliza yake anakurudishia.

Zamu yangu ya kwanza nilianza baada ya isha, nikamaliza nyumba nzima imelala. Masaa mawili na dakika kumi! Vikosi mia tatu na ushei, kila kimoja ukibonyeze, uangalie mafuta yake, ukisogeze, uhamie kingine. Nikatuma Malindi. Siku tisa kimya. Faili iliporudi, nikalazimishwa kutazama mashambulizi yake yote robo saa nzima, vifaru vyangu vinazingirwa na mimi sina amri hata moja ya kutoa. Siwezi kuwaambia warudi nyuma, siwezi kusogeza akiba. Natazama tu. Kufika wiki ya tatu wenzangu wote wamejitoa, nimebaki mimi na faili.

Nikawaandikia watengenezaji. Jibu lao: gemu hizi ni za watu wenye subira.

Subira? Njooni Mkunguni hapa mbele ya ngome, jioni, muwaone wazee kwenye bao. Kete 64, mashimo 32, na bao nalo ni zamu, mimi kisha wewe. Mwenzako akipata mtaji, yaani nafasi ya kukomba kete zako, kete zinazunguka, na wewe huondoi jicho kwa sababu kila shimo analokomba ni lako. Kabla hujamaliza kahawa mkono umerudi kwako. Watu wanakaa hapo mpaka adhana. Kwa hiyo msitwambie habari za subira. Ubaya hauko kwenye zamu, uko kwenye urefu wake, na kwenye yule anayengoja: mmempa nini cha kufanya?

Na haya si mageni. Panzer General ya 1994 ilikuwa mimi kisha wewe vilevile, ila vikosi vichache, vita kimoja unakimaliza jioni moja. Iliuzwa sana. Mwaka uliofuata ikaja Command & Conquer, saa inatembea yenyewe, wachapishaji wakaikimbilia na wengi wakasema zamu imekufa. Haikufa! XCOM: Enemy Unknown ya 2012 iliachana na ile hesabu ya zamani ya kumkata askari muda kwa kila hatua, ikampa kila askari vitendo viwili basi. Watu wakanunua, na 2016 ikatoka ya pili. Combat Mission tangu 2000 mnatoa amri nyote wawili, kisha sekunde 60 zinakwenda kwa pamoja, hakuna anayekaa kungoja kupigwa. Hearts of Iron IV haina zamu kabisa, unasimamisha saa ukitaka kufikiri, na kufikia 2018 ilishapita nakala milioni 1. Vita ni vita. Kilichobadilika ni jinsi muda unavyogawiwa.

Najua wapo wanaocheza War in the Pacific, zamu moja ni siku moja ya vita, vita vizima zamu zaidi ya 1,300. Nawaheshimu kwa dhati. Lakini hicho ni kijiji kidogo cha watu waliokubali bei na muda. Ukiamua kujenga humo usije ukalilaumu soko.

Ninachodai si kikubwa. Wakate zamu iwe fupi, au amri zitolewe pamoja. Anayengoja aweze kuacha maagizo: ukishambuliwa hapa, rudi mtoni. Na kitufe cha kuruka yale marudio, jamani, kitufe kimoja!

Nimeomba pesa zangu. Duka la mtandaoni limekataa, eti nimeshacheza zaidi ya masaa mawili. Masaa mawili ni zamu ya kwanza tu, na hata hayakuitosha! Kama yuko humu aliyekataliwa hivi kisha akarudishiwa, naomba aniambie aliwaandikia nini.