Waliowahi kuweka nyumba rehani Mbeya na Iringa, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Uyole
Wakuu, poleni na baridi. Naanza mwenyewe. Nilinunua pagale huku Uyole, hela ya kupaua ikakata. Mkopeshaji mmoja Mwanjelwa akanipa milioni 12 kwa mwaka, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, kikomo kilekile cha Benki Kuu (BoT) kwa wakopeshaji wasiopokea amana. Nikafurahi, maana kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani, wanakukamua hata asilimia 20. Sikuuliza inapigwa kwenye nini. Kumbe inapigwa kwenye milioni 12 ileile hadi mwezi wa mwisho, hata deni likibaki milioni moja. Rejesho 1,420,000, riba yote 5,040,000. Jirani yangu mwalimu wa hesabu akanikokotolea kwa salio linalopungua: kama milioni 2.9 tu. Hiyo tofauti ni bati zangu kabisa. Nimemaliza deni, dari bado.

Wa Ipogolo
Wewe ulikutana na mstaarabu. Mimi nilikuwa na mgonjwa, nikasainishwa karatasi tatu chapchap. Moja ilikuwa mkataba wa mauziano, eti nimemuuzia nyumba kwa milioni 4! Nilipochelewa miezi miwili akaja na fundi, akabadilisha kitasa. Notisi hakuna, mnada hakuna. Kilichonibeba ni mke wangu, hakusaini popote. Wakili akaniambia Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza nyumba ya familia ikiwekwa rehani, na aliyekopesha kwa rehani halali anakupa kwanza notisi ya siku 60. Ndiyo maana wanaandika mauziano, waikwepe hiyo. Tuko baraza la ardhi la wilaya.

Mama wa Mafinga
Kaka, mshukuru mkeo. Wangu alipeleka mwanamke mwingine akasaini kama mimi, na picha akabandika. Nilijua siku dalali anapita na kipaza sauti. Kina mama, nyumba ikiwa na hati, nendeni kwa msajili wa hati mkaweke zuio mapema, msisubiri mpaka ndoa imechacha.

Wa Tunduma
Mimi nilipaua vyumba viwili viwili, kwa mahindi. Sidaiwi.

Mwanzisha mada
Mkuu, hongera, ila mvua ya Uyole haisubiri mavuno. Wa Ipogolo, kitasa je?

Wa Ipogolo
Nimeweka kipya. Funguo anakaa nazo mama watoto.