Semesta moja nje: Ujerumani ama India, ni wapi mwanafunzi ataona kiwanda vizuri?

MtotoWaMuhoroni
Habari zenu wadau. Nasoma injinia ya mekanikali hapa Kakamega, mwaka wa tatu, na fakalti imenipa nafasi ya semesta moja nje kuanzia Oktoba, nichague Ujerumani ama India upande wa Gujarat. Masomo yenyewe nimeangalia hayapishani sana, kitu naangalia ni viwanda. Nimekulia Muhoroni, king'ora cha kiwanda ndicho kilikuwa saa yetu, na nikimaliza nataka kufanya kazi kwa kiwanda cha sukari ama maziwa huku kwetu. Sasa nyinyi mmesoma nje, ni wapi mwanafunzi anaingizwa mpaka ndani akaona mashine zikifanya kazi na akauliza maswali akajibiwa? Pesa ni za kuhesabu kwa hivyo mniambie na mambo ya usafiri.

Omundu_Stuttgart
Dadangu, huku ziara ni za aina mbili na watu huzichanganya. Kuna zile za umma, unabuk kwa mtandao na unalipa kiingilio. BMW Munich wanakutembeza kwa miguu ndani ya kiwanda chao cha tangu 1922, unaona roboti zikichomelea bodi. Volkswagen wako na Autostadt kule Wolfsburg, bustani ya maonyesho ya magari, ilifunguliwa 2000, iko kando ya kiwanda. Nenda mara moja, utafurahia, lakini mwongozaji ana maneno aliyokariri na muda wake umepimwa, na picha hupigi kule ndani.

Aina ya pili ndiyo ya mwanafunzi, wanaita Exkursion. Profesa anaongea na kiwanda, mnaenda kikundi kidogo, na mara nyingi anayewatembeza ni injinia wa hapo hapo. Huyo ukimuuliza kwa nini pampu imewekwa hapa na sio pale anasimama anakueleza mpaka uelewe. Vyuo vingi vina wiki nzima ya hizi ziara wakati wa Pentekoste, ila ukija Oktoba hiyo wiki itakupita, itabidi ubishe mlango wa profesa mwenyewe.

Mwana_Njoro
Mimi nilisomea Vadodara, huko huko Gujarat, na nakuambia kama ni maziwa hakuna mahali kama Anand, ni chini ya saa moja kwa treni na nauli ni ndogo sana, hapo ndipo nyumbani kwa Amul, ushirika ulioandikishwa 1946 na wakulima waliochoka kuuzia madalali kwa bei ya kutupa. Lakini usiishie kwa kiwanda kuangalia mapipa ya stili kupitia kioo, omba upelekwe kijijini asubuhi ama jioni wakati wa kupokea maziwa, maana hapo ndipo kazi iko. Mama anakuja na maziwa ya nyati wawili, yanapimwa mafuta hapo hapo na analipwa kulingana na mafuta sio lita peke yake, kwa hivyo hakuna haja ya kuongeza maji. Kutoka kijijini yanaenda kwa chama cha wilaya chenye kiwanda, na shirikisho la jimbo ndilo linauza. Hata unga wa maziwa ya nyati, wataalamu wa nje walisema haiwezekani, na Kurien, meneja wa Amul, na Dalaya, mtaalamu wake wa maziwa, wakaufanya, kiwanda kikafunguliwa 1955. Mimi nimetoka nyumba ya ng'ombe watatu huku Njoro na ile siku niliona ni kwa nini mkulima wetu hapati kitu. Ukienda Ujerumani utaona mashine za bei ambayo hakuna ushirika hapa Nakuru ama Kitale utanunua leo wala kesho.

Fundi_Eldoret
Najua hujauliza Japani ila nitasema kidogo tu. Nagoya kuna jumba la makumbusho la Toyota lililo ndani ya kiwanda cha zamani cha vitambaa, na mashine za kufuma bado zinawashwa mbele yako. Ile ya 1924 uzi ukikatika inasimama yenyewe. Mimi niko kwa mambo ya vitambaa, na hiyo moja ilinifunza kuliko kozi nzima.

MtotoWaMuhoroni
@Mwana_Njoro umenitingisha kweli. Lakini sukari je? Ujerumani si hakuna miwa?

Omundu_Stuttgart
Wanatumia viazisukari. Vinavunwa kuanzia Septemba na viwanda vinafanya kazi mchana na usiku mpaka kama Januari, halafu vinanyamaza. Kwa hivyo semesta yako inaangukia msimu wenyewe!

Mzee_wa_Boila
Binti yangu, mimi nimekaa na boila za sukari ukanda huu wa Nyando karibu maisha yangu yote ya kazi, nisikilize. Mwanzo wa kiwanda hautafanana na wetu. Sisi tunakamua miwa kwa rola, wao wanakatakata viazisukari na kutoa sukari kwa maji moto. Lakini kuanzia kusafisha juisi, kuchemsha, kugandisha mpaka mashine za kuzungusha ni ndugu mmoja. Na tofauti kubwa ni hii: sisi tuna makapi ya miwa ya kuchoma tupate mvuke. Wao makapi yao ni chakula cha ng'ombe na moto wananunua, kwa hivyo mvuke mmoja wanautumia mara kadhaa kabla ya kuuachilia. Nenda ukaangalie hapo, uchore kila bomba. Huku tukiokoa mvuke namna hiyo, makapi yanayobaki yanazalisha stima ya kuuza. Hiyo elimu ya Anand ni nzuri pia, lakini huo ni upande wa ushirika na wewe unasomea mashine.

Mwana_Njoro
Shikamoo mzee. Hapo kwa mvuke sibishani na wewe. Lakini injinia asiyejua mkulima analipwaje atajenga kiwanda kikose maziwa, hiyo nasimama nayo.

MtotoWaMuhoroni
Marahaba... pole, hiyo ni ya mzee 🙏 Nimeamua Ujerumani kwa sababu ya msimu na huo mvuke. Anand nitaitafutia njia nikimaliza. @Omundu_Stuttgart nianzie wapi na usafiri ukoje?

Omundu_Stuttgart
Usafiri usikuhangaishe, kuna tiketi ya mwezi ya treni za mikoa na basi nchi nzima, ilianza 2023 kwa yuro 49, imepanda lakini vyuo vingi vina ya wanafunzi ya bei nafuu. Andikia profesa wa uhandisi wa vyakula sasa hivi kabla hujabuk ndege, mwambie unatoka eneo la miwa na unataka kuona sehemu ya kuchemsha juisi, usiseme tu "viwanda". Uliza kama wataeleza kwa Kiingereza, la sivyo tafuta mwenzako wa kutafsiri. Na beba viatu vya kufunika mguu, kuna mwenzetu alirudishwa getini na sandali zake na wengine wakaingia.